Mikono Miwili Kichwani

Sifa, binti yangu, mama yangu mdogo,

Niko dukani, ni Jumamosi saa nane mchana, na niko nakuandikia nyuma ya karatasi ya kukatia pateni za nguo, ile ya kaki. Ukigeuza ukurasa ukakuta mguu wa suruali umechorwa, usishangae. Ni suruali ya yule mzee wa Rosettenville mwenye tumbo, ndiyo maana nafasi ya kuandika ni kubwa. Cheka kidogo hapa. Huko mbele sina la kukuchekesha.

Nakuandikia Kiswahili. Najua wewe na wenzako mnaongea Kiingereza na Kizulu mpaka kwenye ndoto, na Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia suruali tu, hakitoshi kwa jambo hili. Lakini kusoma Kiswahili nilikufundisha mwenyewe, kidole juu ya mstari, wewe umekaa kwenye meza hii hii, miguu yako haifiki chini. Basi soma polepole kama zamani.

Kesho saa nne asubuhi basi linaondoka Park Station kwenda Cape Town. Mambo ya sweta, chaja, kutopokea chakula cha mtu njiani, shangazi yako Mapendo ameshakuambia kwenye simu mpaka umechoka. Mimi nina jambo moja. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mwaka mzima na nusu, mdomo ukakataa. Nimeona nijaribu mkono.

Wapangaji wote kwenye yadi tumewaambia unaenda kwa ajili ya shule. Shule ya kule ni nzuri, shangazi ana chumba, na kadhalika. Wewe una miaka kumi na tatu, siyo mitatu. Unajua siyo shule. Unaenda kwa sababu mama yako hawezi kukuangalia ukishika jagi la maji. Na hawezi kwa sababu yangu mimi.

Ngoja. Nimeanza mwisho. Acha nianze mwanzo, wewe unanijua, mawazo yangu yanakimbia kama mashine isiyo na breki.

Unakumbuka kwaya ilipotaka sare? Wewe ulikuwa na miaka tisa. Walitaka kitu kama nguo za makuhani wa zamani, wa Israeli, nami nikasema sawa sawa, mimi ni fundi, nitatafuta. Sikujua chochote. Shule niliacha darasa la nane kule Uvira. Nikafungua Maandiko mahali ambapo watu wote wanaruka, kule kwenye sheria za makuhani, nikakuta joho la bluu, Sifa, bluu tupu, na shingo yake imekunjwa pindo nene ili isichanike! Mtu aliyeandika vile alikuwa anajua kushona. Na chini kwenye upindo, kengele za dhahabu na makomamanga ya uzi, kengele, komamanga, kengele, komamanga. Nilisimama peke yangu hapa dukani nikapiga makofi. Yule kijana Mkenya wa simu hapo jirani akaja kuuliza nani amefunga goli.

Hapo ndipo nilipoingia, sikutoka tena. Nilianza na nguo nikafika kwenye damu. Nilikuwa nasikiliza mafundisho kwenye simu, naandika kwenye daftari, nalinganisha. Nilitaka kujua kwa nini watu wale walichinja sana namna ile. Nikakuta mambo ambayo hakuna mchungaji aliyewahi kuniambia. Mtu akikosa, analeta mnyama wake, anaweka mkono juu ya kichwa chake, halafu anachinja mwenyewe. Mwenyewe! Kuhani anangoja damu tu. Mimi nilikuwa nafikiri unampa kuhani mbuzi, unaondoka, kama kuacha nguo kwa dobi. Kumbe hapana. Unasikia joto la yule mnyama mkononi mwako kabla hujafanya unachofanya. Na maskini aliruhusiwa kuleta njiwa wawili, na akikosa hata njiwa, alete unga. Unga tu. Nilimwambia mama yako, unaona, Mungu alikuwa anajua kuna watu watapanga chumba kimoja hapa Malvern. Akacheka. Siku zile mama yako alikuwa anacheka.

Kanisa wakaniita mwalimu. Miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, naitwa mwalimu. Ilinipanda kichwani, nakuambia ukweli. Nilikuwa natembea Jules Street kama mtu aliyeshona ile kengele mwenyewe.

Sasa, siku ile.

Unaijua kuliko mimi, lakini lazima niiandike, maana haijawahi kuandikwa wala kusemwa na mtu aliyeifanya. Umeme ulikuwa umekatika. Mama yako alikuwa saluni, ana kichwa cha mtu cha kusuka mpaka usiku. Kuogesha mdogo wako Eliya ilikuwa kazi yako, kila mtu kwenye yadi anajua, na mama alikufundisha sheria moja: maji baridi kwanza. Baridi ndani ya ndoo, ndipo moto, hata siku moja usigeuze. Hukuwahi kugeuza.

Lakini jioni ile mimi nilikuwa na haraka. Kesho yake nilikuwa na somo la kufundisha, simu ilikuwa inaongea sikioni, na Eliya alikuwa analialia, amechafuka, ana miaka miwili. Nikasema mimi mwenyewe nitamwogesha, haraka, nimalize. Nikatoa sufuria kwenye jiko la parafini, nikamwaga maji yale kwenye ndoo, nikaiweka sakafuni kando ya kitanda. Moto kwanza. Nikakutuma na jagi kwenye bomba la uani ukalete baridi. Nikageuka kwenye daftari kuandika neno moja. Hata neno lenyewe nalikumbuka. Nilikuwa naandika "upatanisho."

Eliya akatumbukia nyuma ya mgongo wangu. Sitaandika alivyolia. Uliingia na jagi mkononi ukasimama mlangoni.

Watu wakajaa. Mama Divine wa chumba cha kati alimfunga mtoto kwa kanga yenye maji, mwingine akaita gari, na katika kelele zile Mama Divine akakugeukia wewe, kwa sababu jagi ulikuwa nalo wewe, na kwa sababu kazi ilikuwa yako. Akakuuliza kwa nini umeanza na maji ya moto, si mama yako amekukataza?

Wewe uliniangalia mimi.

Na mimi nikaangalia sakafu.

Ni hilo tu, Sifa. Halikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Nilijiambia nitasema tukifika hospitali. Hospitali nikajiambia nitasema mtoto akipata nafuu. Siku ya nne Eliya akatutoka, na mama yako akawa amekaa kwenye benchi akiwa ameshaambiwa na kila mtu kwamba ni mtoto aliyemwogesha mtoto mwenzake, ni bahati mbaya, msimlaumu sana Sifa, naye bado mdogo. Nikajiambia nikisema sasa nitamuua huyu mwanamke. Unaona nilivyokuwa fundi? Kila siku nilishona sababu mpya, na kila moja ilinikaa vizuri.

Mama yako hakukupiga. Hakukutukana. Angekutukana labda ingekuwa rahisi. Alichofanya ni kuacha kugusa kichwa chako. Anasuka vichwa vya Malvern yote, Wakongo, Warundi, Wazulu, mpaka wale wasichana wa benki wanakuja kwake, na mwanawe mwenyewe anatembea na kitambaa kichwani mwaka na nusu. Nilikuwa nakiona kile kitambaa kila asubuhi. Nilikuwa najua ni mimi nimekifunga.

Usifikiri nilikaa tu. Nilifunga kula, siku tatu, siku saba. Nilishona upya sare zote za kwaya bila malipo, na zile kengele nikaziweka, unazikumbuka, zilivyokuwa zikilia kama za kondoo waimbaji wakiingia. Nililala kanisani. Nilitoa, nilitoa, na kila nilipomaliza kutoa nilikuwa nahisi mwepesi siku mbili, halafu nakuona uani unafua nguo zako peke yako, uzito unarudi. Nikasema labda nimekosea dhabihu. Nikarudi kwenye sheria kutafuta iliyo sawa, kama mtu anayetafuta uzi wa rangi inayofanana na kitambaa chake.

Na niliikuta. Hii ndiyo inanitesa, niliikuta mapema kabisa, miezi mingi iliyopita, nikaifundisha hata kanisani, vizuri, watu wakasema amina. Imeandikwa kwamba mtu akimdhulumu mwenzake, anakiri kwanza. Anamrudishia kile alichochukua, chote, anaongeza na sehemu ya tano juu yake, anampa yule yule aliyemkosea. Ndipo alete kondoo. Ukileta kondoo kabla, kuhani hana la kufanya na wewe. Nilieleza yote haya nikiwa na chaki mkononi, na wewe ulikuwa umekaa mstari wa pili na mama yako mstari wa tano.

Nilikuwa naleta kondoo, Sifa. Kundi zima la kondoo. Kwa mtu sikuwa nimekwenda.

Kitu kingine, kidogo, lakini kisikilize. Sheria ile inatenganisha kosa la bahati mbaya na kosa la kukusudia. Kosa la bahati mbaya lina mbuzi wake, lina njia. La kukusudia, lile mtu anafanya mkono juu, macho wazi, linamweka mtu pabaya sana. Ile ndoo ilikuwa bahati mbaya. Nitalia kwa ajili yake mpaka nife, lakini ilikuwa bahati mbaya, na ningesema siku ile ile tungelia wote watatu pamoja. Kunyamaza hakukuwa bahati mbaya. Kunyamaza nilikufanya kila asubuhi, nikiamka, nikivaa viatu.

Eish. Mteja ameingia, anataka zipu. Ngoja.

Nimerudi. Zipu nimeiweka upande usio wake, nimemwambia aje Jumatatu.

Sasa ile Jumapili, wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nafundisha siku kuu yao ya upatanisho. Nilikuwa na moto siku ile! Nikaeleza kwamba kuhani mkuu alivua zile nguo za dhahabu, akavaa kitani tupu kama mtu wa kawaida, na kabla hajasema neno juu ya dhambi za mtu yeyote alichinja ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Hapo nilipita haraka. Nikaenda kwa wale mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa. Wa pili anabaki hai, kuhani anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, anakiri maovu ya watu wote, halafu kuna mtu anamshika anampeleka jangwani, mbali, asirudi.

Nikataka mfano watu waone kwa macho. Nikasema nahitaji mtoto awe mbuzi. Watoto kumi waliinua mikono, wanaruka, yule mtoto wa shemasi alishaanza kulia mee. Wewe hukuinua. Nikakuita wewe.

Nimejiuliza kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu ulikuwa karibu. Siamini tena. Nafikiri mikono yangu ilikuwa inaijua njia.

Nikaweka mikono yote miwili juu ya kile kitambaa chako. Nikawaambia watu waseme makosa yao kwa sauti, wakasema, kwa mzaha mzaha, mmoja amewadanganya ndugu zake Bukavu kwamba ana ofisi, mwingine amemficha bosi wake kwamba alilala lindoni, watu wanacheka. Nawe ukainua uso ukaniuliza, siyo kwa sauti kubwa, lakini mstari wa kwanza walisikia.

"Papa, huyu mbuzi alikuwa amefanya nini?"

Watu wakacheka zaidi. Mwalimu akajibu. Sifa, mimi nilikujibu! Nilisema, hakufanya kitu, hiyo ndiyo maana ya mfano. Nikampa shemasi mkono wako akakutoa mlangoni, watu wakapiga makofi, nikaendelea na somo dakika arobaini.

Ulipaswa kurudi kwa mlango wa nyuma ukae. Hukurudi. Tulikutafuta Jules Street yote, spaza kwa spaza, kila kiduka, mama yako anakimbia na ndala, tukakukuta mbali sana kule kwenye robot ya mwisho, zile taa za magari, umekaa juu ya tairi nje ya duka lililofungwa. Mama yako akakuuliza ulikuwa unaenda wapi, ukamjibu kwa Kiswahili, wewe ambaye siku hizi hutaki kujibu kwa Kiswahili, kwamba si mlisema mbuzi aende mbali. Usiku huo huo mama yako akasema wewe umekuwa mgumu, humwogopi mtu, yeye hana nguvu tena, afadhali uende kwa shangazi. Na mimi nikasema sawa. Jumatatu nikaenda kununua tiketi. Ya kwenda tu.

Tangu siku ile nasikia swali lako kwenye mashine. Naanza kushona, linaanza. Kwa sababu wewe ulijua. Yule mbuzi wa zamani hakujua amebebeshwa nini, alienda akitafuta majani. Wewe ulijua kila kitu, ulijua na mwenye dhambi ni nani, na ulibeba. Ulikuwa na miaka kumi na moja na nusu.

Na kesho mimi ndiye nilikuwa nikushike mkono nikupeleke kwenye basi. Hata yule mtu wa kumpeleka mbuzi nilikuwa ni mimi.

Basi hivi. Sikuombi unisamehe. Kama nitakuomba hapa, kwenye karatasi, una basi kesho, nitakuwa nimekupa mzigo mwingine uende nao. Nataka kurudisha. Uhai wa Eliya siwezi kuurudisha. Lakini wewe nilikuchukulia kitu ambacho kinarudishika, nilichukua jina lako mbele ya mama yako. Hicho kinatoka hapa leo. Nafunga duka sasa hivi. Karatasi hii mama yako ataisikia kabla yako, kwa mdomo wangu, nimesimama.

Naogopa, Sifa. Nina miaka thelathini na moja na najiona bado wa kumi na nane, kama siku ile uliyozaliwa.

*

Saa moja jioni. Niko nje, nimekaa kwenye kreti karibu na bomba. Naendelea kwa kalamu ya mtoto wa Mama Divine, ndiyo maana wino ni wa kijani.

Nilimkuta mama yako ametoka saluni, bado ana chanuo mkononi. Nikamsomea. Sikuruka kitu. Aliniuliza swali moja tu, katikati. Maji baridi yalikuwa wapi? Nikamwambia nilimtuma Sifa. Akakaa chini sakafuni, pale pale, unajua pale. Nikaendelea kusoma kwa sababu niliahidi kusoma yote.

Halafu akakuita. Ulikuwa unafunga begi. Hiyo uliiona mwenyewe, lakini naiandika ili ujue kwamba niliisikia na sitaisahau. Alikuuliza kwa nini hukusema, mwaka mzima na nusu, kwa nini hukumwambia yeye mama yako hata siku moja. Ukasema:

"Nilikuwa namngoja papa aseme."

Ndivyo ulivyosema. Kama mtu anayengoja kwenye foleni.

Mama yako alilia sauti ambayo sijaisikia hata kwenye maziko. Akakuuliza kama unataka kubaki, tiketi itupwe. Ukafikiri. Ukasema utaenda, kule hakuna anayekujua kwa jambo lolote. Hiyo ndiyo sehemu niliyoharibu ambayo sina namna ya kuirudisha, na nimeisikia, na nimeinamisha kichwa. Ukasema lakini Desemba utakuja. Mama akasema utakuja, tiketi ya kurudi atakununulia yeye kesho pale pale Park Station.

Kwangu hakusema mengi. Nilimwambia basi tuamke mapema, twende wote watatu. Akanikatalia. Alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Mimi ndiye nitampeleka mtoto wangu. Wewe nenda kule uliposhika kichwa chake, ukaseme."

Ibada inaanza saa tatu. Saa nne wakati basi lako linatoka nitakuwa nimesimama mbele ya watu wale wale, bila chaki, na sitakuona ukipunga mkono. Nilikuwa natafuta sehemu ya tano yangu ni nini. Nafikiri ni hiyo. Kama nyumba hii itanifungulia mlango baada ya hapo sijui. Mama yako hajasema, nami sijauliza. Sheria inasema yule mtu aliyempeleka mbuzi alifua nguo zake, akaoga, ndipo akaruhusiwa kuingia kambini. Haisemi ilimchukua muda gani.

Karatasi hii nitaipitisha chini ya mlango nikimaliza. Nimebaki na kipande hiki kidogo tu cha mguu wa suruali.

Mlango mmefunga lakini dirisha liko wazi, na nawasikia. Nimesikia mama yako anafungua kile kitambaa. Nimesikia anasema nywele zimeshikana, hizi zitauma. Umemwambia sawa. Sasa niko nasikia chanuo, na sauti yake, ile ya zamani, ile anayowaambia wateja wote wa Jules Street, anakuambia wewe:

"Inamisha kichwa, mama. Inamisha kidogo. Hapo hapo."

Papa